Mwiba Niliomwekea Daktari Kipara

Jumatatu, 2 Juni

Pancha kumi na moja leo. Malori ya pamba yanatoka vijijini yamejaa mpaka yanapepesuka, matairi yamechoka, barabara ina miiba. Msimu mtamu huu. Nimeziba zote na hakuna hata moja iliyorudi. Nitajie fundi pancha wa kunifikia mimi Shija, Bariadi nzima, toka stendi mpaka ng'ambo ya soko. Hayupo. Kuna yule wa karibu na kituo cha mafuta, anabandika kiraka kama anabandika stempu.

Niliishia kidato cha pili lakini mwandiko wangu ona. Walimu walinionea wivu.

Shangazi Minza leo kamwaga chai pembeni ya kikombe. Nikacheka. Akaniangalia vibaya, kichwa kakipindisha kama kuku anayetafuta mwewe. Tangu wiki iliyopita yuko hivyo. Na haendi sokoni. Dagaa wake wa Lamadi wamekaa kwenye gunia, nyumba nzima inanuka ziwa.

Mwezi wa tano walimtoa mtoto wa jicho, jicho la kulia, wakamwekea kioo cha plastiki. Siku walipofungua bandeji aliniita mchafu. Miaka kumi na minane ananilea, ndiyo kwanza akaliona shati langu vizuri. Wiki nzima alichambua dagaa kwa mbwembwe, punje ya mchanga anaiona toka mlangoni. Halafu akaanza kusema anaona radi ndani ya nyumba, mvua hakuna. Akaniambia mchana, kijiweni kwangu, amekuja kuniletea ugali. Nikamjibu mbele ya washikaji: shangazi, umeshaanza kuwasha taa zako, utapaa lini tukushikie ungo? Walicheka mpaka Doto akadondoka toka kwenye bodaboda yake. Utani nao ni ufundi.

Nimechoka. Gundi ya solusheni imenikauka kwenye vidole.

Jumanne, 3 Juni

Sicheki tena.

Asubuhi nilimziba jicho la kushoto kwa kiganja. Hilo bado lina mtoto wa jicho, haoni nalo kitu zaidi ya mwanga. Nikamuuliza kwa hili la kulia anaona nini. Akasema, "Naona nywele zako na paji la uso. Huko chini hamna. Kuna giza limepanda." Nikamwonyesha vidole vitatu usawa wa kidevu. Akasema sijanyoosha mkono.

Nilimpakia kwa Doto mpaka hospitali. Daktari aliyempasua hakuwepo, yuko vijijini. Muuguzi wa macho akamulika, akamulika tena, akaandika barua ya Mwanza. Akasema retina imebanduka. Retina ni ile karatasi ya ndani kabisa ya jicho inayopokea picha. Imetoka ukutani inaning'inia. Kasema tena: hutokea kwa baadhi ya watu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho.

Baada ya upasuaji. Nimesikia vizuri. Masikio yangu hayana mtoto.

Kwa hiyo ni yule aliyempasua. Ninamjua. Ni mteja wangu. Ana Corolla nyeupe ya zamani na matairi manne yaliyoisha kashata, yale meno ya mpira. Yeye kichwa kipara, matairi kipara, mimi humwita Daktari Kipara na yeye hucheka. Mwezi wa nne nilimzibia bure kwa heshima, ili amtendee shangazi vizuri. Bure! Na yeye akanilipa hivi.

Utanitambua, Kipara.

Jumatano, 4 Juni

Safari ya Mwanza kesho. Leo nimefanya kazi kwa hasira na hasira inafaa, tairi la trekta nimelibandua peke yangu.

Nimepanga kisasi. Mpango wa kwanza, nimseme sokoni. Hapana, maneno yanayeyuka. Wa pili, nimpige. Hapana, ana mwili, na mimi bora mdomo. Wa tatu ndio wenyewe. Ninalo kopo la maziwa, humo huweka kila mwiba na msumari ninaoutoa kwenye tairi za watu. Kuna mwiba mmoja wa mgunga, mweupe, mrefu kama kidole cha kati, mgumu kuliko chuma. Uliua tyubu ya lori lenye marobota sitini. Nimeutenga. Nimeufunga kwenye kitambaa. Ni wa Kipara.

Fundi anajua kuua tairi kuliko adui yeyote. Ukiuweka ndani, kati ya tairi na tyubu, umelala kidogo, gari linatoka vizuri. Linakwenda. Linakwenda. Halafu kwenye pori, hakuna fundi, hakuna mtandao wa simu, psss.

Nataka asimame juani peke yake aone giza linampanda.

Ijumaa, 6 Juni

Mwanza. Hospitali kubwa, ngazi nyingi, watu wengi kuliko mnada wa ng'ombe.

Daktari wa retina ni dada, mdogo, ana sauti ya upole. Aliniuliza mimi nani. Nikamwambia fundi. "Wa nini?" Wa pancha. Akacheka kwanza. Kisha akavuta kiti karibu, akasema, "Basi wewe utanielewa upesi. Shangazi yako ana pancha."

Nikakaa vizuri.

Alichora jicho nyuma ya karatasi. Ndani ya jicho kuna ute kama ule wa yai. Ukitoa mtoto wa jicho, kwa watu wengine ule ute unalegea na kujivuta. Ukijivuta unaichana retina. Ndiyo radi alizoziona. Halafu maji yanapenya kwenye tundu yanaingia nyuma ya retina na kuibandua kidogo kidogo, kama tapeli anayeingia chini ya kiraka kisichokauka. (Tapeli nimeongeza mimi.) Tundu zake ziko juu, ndiyo maana giza linapanda toka chini. Jicho linageuza picha.

Kuziba kuna njia zaidi ya moja. Naandika nisisahau, maana shangazi ananiuliza kila baada ya dakika tano.

Ya kwanza, mkanda. Wanazungusha mkanda wa silikoni nje ya jicho, unausukuma ukuta uende ndani uifuate retina. Hawaingii ndani ya jicho. Ni kama kukaza tairi toka nje. Njia ya zamani na bado nzuri, hasa kwa vijana ambao hawajawahi kupasuliwa jicho.

Ya pili, kuingia ndani. Matundu matatu madogo, wananyonya ule ute wote, wanailaza retina, wanachoma pembeni ya tundu kwa mwanga wa leza ishike, halafu wanajaza gesi ikandamize mpaka ipone. Gesi inaisha yenyewe kwa wiki kadhaa. Lakini lazima ulale kwa mkao, uso chini, halafu upande mmoja, siku nyingi. Na usipande ndege wala mlima mrefu, gesi inavimba jicho linaumia.

Ya tatu ni hiyo hiyo ya kuingia ndani, ila badala ya gesi wanaweka mafuta. Mkao wake si mkali sana. Ila mafuta hayaishi, lazima urudi upasuliwe tena yatolewe.

Kuna na ya nne, kupuliza gesi kwa sindano bila kunyonya kitu. Akasema kwa jicho lililokwisha kuwekewa kioo hiyo hushindwa mara nyingi zaidi.

Nikamuuliza la kifundi. Utajuaje tundu ziko ngapi? Mimi huizamisha tyubu kwenye beseni na kutazama viputo. Akaniangalia kwa heshima, ninaapa. Akasema hilo ndilo lenyewe: jicho lenye kioo cha plastiki, tundu huwa ndogo ndogo, ziko pembezoni kabisa, na ukingo wa kioo unazificha. Ukikaa nje na mkanda wako unaweza kuziba mbili ukaacha ya tatu. Ukiingia ndani unaziona zote. Kwa hiyo kwa shangazi angechagua ya pili, na gesi.

Shangazi akaniuliza mbele yake, "Ng'wanone, jicho ni langu na fundi ni wewe. Ungezibaje?" Aliniita mwanangu, kwa Kisukuma. Nikasema, kwa ndani. Huwezi kuziba usichokiona.

Akakubali. Hakusaini, aliweka dole gumba.

Kitu kimoja. Daktari alimuuliza radi zilianza lini, giza lilianza lini. Shangazi akasema giza ni la juzi. Daktari akamulika tena akasema kwa upole, "Mama, hili ni la wiki mbili au zaidi. Sehemu ya katikati imeshabanduka nayo. Nitaiziba, ila kuona kwa katikati sikuahidi. Ungewahi ingekuwa kazi nyingine." Shangazi akakunja kitenge.

Kwa nini adanganye? Wazee bwana.

Kosa bado ni la Kipara. Mwiba ninao mfukoni mpaka huku Mwanza.

Jumamosi, 7 Juni

Kusubiri. Tumelala kwenye benchi za ndugu wa wagonjwa. Mama mmoja wa Busega kaniuliza kama mimi ni mtoto wa shule. Nimemwambia mimi ni injinia. Kaniangalia viatu.

Jumatatu, 9 Juni

Wamempasua. Imechukua saa mbili kasoro. Tundu zilikuwa tatu! Mbili zilionekana, ya tatu ilijificha nyuma ya ukingo wa kioo, kama alivyosema. Ningekuwa daktari mzuri mimi. Wamemchoma leza, wamemjaza gesi. Wamemvalisha kitambaa mkononi kilichoandikwa asipande ndege. Shangazi akauliza kwani ndege inasimama wapi Bariadi.

Amelala uso chini. Ananisikia viatu tu. Amesema kimoja kina mdomo wazi.

Jicho jekundu kama nyanya. Nilipoliona nilimtafuta Kipara kwa macho kwenye korido, kana kwamba yuko pale. Ningempata ningemng'ata.

Alhamisi, 12 Juni

Tumerudi. Basi toka Mwanza mpaka Bariadi, shangazi uso chini kwenye begi mapajani. Lamadi wachuuzi wa samaki walidhani analia, wakampa pole. Akawapokea pole zao.

Nimemtengenezea kitanda cha fundi. Benchi, godoro, katikati nimeweka tyubu ya pikipiki nimeijaza upepo nusu, nimeivisha khanga. Uso unakaa ndani ya duara, pua inapumua. Hata hospitali ya Mwanza hawana hicho. Shangazi kasema wabeja. Asante yake moja huwa inatosha mwezi.

Hataki watu waingie. Majirani wamekuja kumpa pole, kaniambia niwaambie amelala. Anafunika kichwa chote kwa kitenge hata mimi nikiwa peke yangu. Nikamwambia shangazi acha aibu, jicho ni jekundu tu. Akasema, "Tu."

Jumapili, 15 Juni

Dawa ya matone mara nne. Mkao. Ugali namlisha kwa mkono, yeye anatazama sakafu. Mimi niliyekuwa nalishwa.

Kila tone naapa upya. Kipara. Kipara. Kipara.

Jumanne, 17 Juni

Kaja mwenyewe.

Mchana, kijua kikali. Corolla imesimama, tairi la nyuma la kulia limelala, amefungia la akiba ambalo ni bovu kuliko lililolala. Akanisalimia, "Mwadila, Injinia." Nikamwitikia meno nje. Akasema kesho alfajiri anakwenda zahanati moja upande wa Migato, wagonjwa wa macho wanamsubiri, atapitia tairi saa kumi na mbili. Akaniuliza shangazi yako vipi, mbona hajarudi? Nikasema tumempeleka Mwanza. Uso ukamwanguka. Akauliza retina? Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye tairi la lori. "Alisema anaona vimulimuli?" Nikainamia tairi lake. "Wiki ya pili muuguzi alimuuliza, akasema haoni kitu kama hicho. Wewe ndiye uliyemsindikiza. Tena karatasi nilikupa wewe umsomee." Halafu akainama, akatabasamu, tabasamu la kuchoka, akaonyesha chini ya kompresa yangu. "Naona imepata kazi."

Karatasi imekunjwa mara nne chini ya mguu mfupi wa kompresa, isitikisike. Nilisahau kuwa ni yake.

Akaondoka.

Nilimchukia kuliko siku zote. Ananichekea! Nikabandua tairi, nikatoa msumari, nikaziba tyubu kiraka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchoma. Halafu nikafungua kitambaa. Nikaupachika mwiba kwa ndani, nimeulaza, ncha inaitazama tyubu. Nikajaza upepo. Nikaliegemeza ukutani. Lilikuwa zuri sana. Nikapiga mluzi.

Jioni nikainua kompresa niifungie ndani. Karatasi ikabaki chini. Nikaiokota. Nikaisoma, kwa mara ya kwanza, mbele ya kijiwe changu, grisi vidoleni.

Ukiona mwanga kama radi, ukiona vumbi jeusi linaelea, ukiona kivuli kama pazia, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri. Usione aibu kusema.

Nimekwenda nyumbani sijui kwa miguu ya nani.

Shangazi uso ndani ya tyubu. Nikalala sakafuni chali, kichwa chini ya benchi, uso wangu uelekeane na wake. Nikamuuliza kwa nini alimficha muuguzi. Akaisogeza tyubu kidogo. Halafu akasema huku ananitazama kutoka juu, jicho moja lina ukungu, jingine jekundu:

"Si uliniuliza nitapaa lini?"

Nikasema shangazi ule ulikuwa utani.

"Na kwetu walianza na utani."

Akanisimulia. Sikuwahi kujua. Nilijua tu walitoka kijijini, sikujua kwa nini. Bibi, mama yake yeye na baba, alikuwa na macho mekundu. Moshi tu, alipikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, kuni hakuna. Vijana wakaanza kumtania kisimani. Bibi, jana ulikuwa wapi na macho hayo? Watu wakacheka. Naye akacheka nao. Msimu uliofuata ng'ombe wa jirani wakafa. Hapo hakuna aliyecheka. Waliondoka alfajiri, bibi, shangazi na kuku wawili, ng'ombe wao wakabaki zizini. Bibi akafia Bariadi kwenye chumba cha kupanga, kajifunika kitenge.

"Kwa hiyo mwanamke mtu mzima akisema anaona taa zinawaka ndani ya nyumba yake," akasema, "na mtu wake mwenyewe anampangia ungo mbele za watu, na wote wanajipiga mapaja. Ningekwenda kumwambia nani tena? Nikasema itapita."

Chozi lake likanidondokea shavuni. Kwa mkao ule lisingeweza kwenda pengine.

Wiki mbili na zaidi. Mimi. Si Kipara. Mimi na mdomo wangu mzuri.

Saa mbili usiku. Tairi liko kijiweni, na shangazi simwachi peke yake usiku. Kesho saa kumi na moja nitakuwa pale nautoa mwiba.

Jumatano, 18 Juni

Nilifika saa kumi na moja na nusu. Tairi halipo.

Doto alikuwa amekaa juu ya pikipiki anasukutua. Kasema, "Kipara kawahi. Nimemfungia mwenyewe, nimekaza nati zote. Niambie ahsante." Badala ya ahsante nilimshika shati. Nikabeba mfuko wa vifaa na pampu ya mkono, nikamwambia washa.

Tulikimbia. Nilimwambia Doto njiani, nikipigia kelele upepo, nilichofanya. Hakucheka. Doto! Aliongeza mwendo tu. Kila kona nilitazamia kuona Corolla imelala chali kwenye mtaro. Tairi kipara, mwendo, mwiba. Nilikuwa nimepiga hesabu ya pancha. Sikuwa nimepiga hesabu ya mtu.

Tulimkuta tumepita Lagangabilili, kwenye mashamba ya pamba. Gari limesimama wima. Mungu mkubwa. Yeye ametoa jeki, amevua shati, kipara kinang'aa. Tairi la akiba nalo limelala. Nilimwambia nitaziba hapo hapo, vifaa ninavyo. Hakuniuliza nimefikaje.

Nikabandua. Mwiba ukadondoka kwenye kokoto kati yetu, mweupe, mzima. Nikasema barabara hii ina miiba sana. Akauokota, akaupeleka karibu na macho kama anavyofanya kila kitu. Akapapasa tairi kwa nje, akalizungusha lote, pole pole.

"Nje hamna tundu," akasema. "Huu haujaingia. Umewekwa."

Nikasema, nimeuweka mimi.

"Kwa sababu ya jicho?"

Ndiyo.

Nilitaka anipige. Nilisimama vizuri ili asikose. Hakunipiga. Aliniambia tu kwamba katika wengi anaowatoa mtoto wa jicho, wachache retina hubanduka hata mkono ukitenda sawa, na hakuna wa kujua ni nani. Ndiyo maana aliandika karatasi. Ndiyo maana aliandika usione aibu. Nikamwambia nimeisoma jana. Akatazama saa yake. "Nina wazee ishirini wananisubiri tangu saa moja. Ziba."

Nikaziba tundu. Nikajaza upepo, inavuja. Nikamimina maji ya dumu lake kwenye ndoo, nikazamisha. Kiputo kingine, upande wa pili kabisa, kidogo kama ncha ya sindano. Mwiba uligeuka tairi lilipokuwa linazunguka, ukachoma mara mbili. Nikaziba na hicho. Nikazamisha tena, nikasubiri muda mrefu kuliko nilivyowahi kusubiri kwa tyubu ya mteja yeyote.

Zahanati tulifika saa tatu imepita, mimi na Doto kwa pikipiki nyuma ya gari. Wazee kwenye benchi, wengine chini. Bibi mmoja alikuwa ameshaondoka, kachoka kusubiri, anapapasa njia kwa fimbo kuelekea mashambani. Nilimfuata mbio. Nikamwambia daktari kafika, kachelewa kwa ajili yangu. Hakuelewa. Doto akampakia.

Halafu Kipara akanipa karatasi, ile ile, safi. Akasema wewe una sauti. Nikawasomea kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Radi. Vumbi jeusi. Pazia. Siku hiyo hiyo. Niliposema radi kijana mmoja nyuma akaguna kama anataka kucheka. Nikamtazama mpaka akatazama viatu vyake. Yule bibi wa fimbo akauliza, "Na nikiona, nimwambie nani?" Swali lilinipiga pale pale alipopaswa kunipiga Kipara. Nikasema mwambie huyu, nikamwonyesha daktari. Nikasema tena kwa Kisukuma, asipate sababu ya kutosikia.

Alhamisi, 19 Juni

Sijafungua kijiwe. Nimekaa na shangazi. Nimemwambia habari ya mwiba. Akasema nina akili ya mbuzi. Kweli.

Kopo la miiba nimelitupa chooni.

Ijumaa, 27 Juni

Kipara amehamia kwa yule wa kituo cha mafuta. Nimemwona anabandikiwa stempu.

Jumanne, 8 Julai

Pancha nne. Pamba inaelekea kuisha.

Gesi imebaki kidogo. Shangazi anasema ni kama anatazama juu ya maji ndani ya glasi, mstari unashuka kila siku, juu ya mstari dunia ipo. Katikati pana mkunjo. Nyuso anazijua, mchanga kwenye dagaa hauoni tena, anachambua kwa vidole. Daktari wa Mwanza alisema tusitegemee zaidi.

Leo saa nne alikuja kijiweni mwenyewe, kwa miguu, kitenge mabegani na si kichwani. Jicho bado lina wekundu. Akakaa kwenye tairi la lori. Washikaji walikuwepo wote, na mteja wa trekta. Akasema kwa sauti ya sokoni, "Shija. Asubuhi nimeona radi. Moja, pembeni."

Doto akazima redio.

Niliweka chini chuma. Sikunawa. Tulikwenda hospitali kwa miguu kwa sababu hakutaka kutikisika. Kipara alimtia dawa ya kupanua mboni, akamulika kwa muda mrefu, juu, chini, pembeni, pembeni. Kasema retina imelala vizuri, hiyo ni gesi inamalizikia na jicho linapona. Akamwambia amefanya vema kusema. Mimi hakuniambia kitu. Nilimwambia ahsante daktari, akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi saa nane. Tyubu ya trekta niliyoiziba asubuhi niliiacha ndani ya beseni. Ilikuwa imekaa humo muda wote, maji yametulia, hamna kiputo.